Kwa Yaya, Aliyeuawa kwa Ajili ya Majina

Yaya Astride, dada yangu mkubwa,

Yale matofali wameyarudisha ukutani. Mwenye ua aliyaokota, akayaosha kwa maji ya ndoo, akayapanga tena pale yalipong'olewa, akapaka sementi. Ukipita sasa unaona ukuta mzima, na mgeni atasema watu wa hapa wanajua kutunza vitu vyao. Asubuhi moja nilisimama mbele ya ukuta ule nikautemea mate. Mama akanivuta mkono, akasema, "Acha, bantu banatuangaria." Watuangalie. Siku ile walikuangalia wewe, na hakuna aliyeona haya.

Nakuandikia kwa sababu hasira hii sina wa kumpa. Padri ananiambia nisamehe. Mama analia tu. Dorcas, binti yako, haniulizi kitu. Anatoa nguo zako sandukuni, anazinusa, anazikunja tena. Wewe peke yako ulikuwa unaniacha nipige kelele mpaka nichoke, halafu unaniuliza, "Umemaliza? Basi kula." Sijamaliza, yaya. Sijaanza hata.

Na tena wewe uliondoka bila kujua ni nini kilichokuua. Ngoja nikueleze, maana mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipita nyumba kwa nyumba hapa Bel-Air na ile tableti ya mradi, umeifunga kitambaa isishikwe na vumbi. Serikali ilitaka kuwajua wajane, wazee wasio na mtu, na ndugu zetu waliokimbia mapigano ya Mitwaba, ili kila mwezi wapate msaada. Ulikuwa unakaa kwenye kiti cha plastiki, unauliza jina, kijiji cha kwenu, mnalala wangapi humu ndani. Unapiga picha. Halafu unashika kidole cha mtu taratibu, unakibonyeza kwenye kioo. Nilikutania siku moja kwamba unawaandika watu kwa majina ambayo hayapo kwenye karatasi zao. Ulicheka ukanijibu, "Miye naandika jina yenye muntu akiitwa anageuka."

Hapo ndipo kifo kilipoingilia, yaya. Kwenye jambo jema kama hilo.

Sisi watu wa kaskazini, mtu akifa hatuziki jina lake pamoja naye. Ukoo unakaa, unamchagua mmoja, anakalishwa kwenye mkeka, anapewa maji ya kunywa, anapewa jina la marehemu. Amempyana. Tangu siku hiyo watoto wa marehemu wanamwita baba, wakwe wanamheshimu kama mkwe wao, na ukimwita kwa jina lake la zamani atadhani unamdharau. Nusu ya majirani wa avenu yetu wamempyana mtu. Babu yetu aliyefanya kazi kwenye reli alipyanwa, na aliyempyana naye akapyanwa. Uliwauliza majina, wakakupa majina yao. Ungeandika nini kingine?

Basi huko Kinshasa wakaamua kusafisha rejista. Walisema kuna watu hewa, kuna waliokufa wanaendelea kupokea. Wakachukua majina ya vifo kutoka hospitali na ofisi za komini, wakayalaza juu ya majina yako. Jina likifanana na kijiji kikifanana, mashine inamfuta mtu. Hakuna aliyepanda ndege kushuka uwanja wa Luano aje aulize. Hakuna hata aliyepiga simu. Mtu mmoja mahali fulani, kwenye ofisi yenye baridi, alibonyeza kitufe akaenda kula. Ningekuwa na mikono mirefu ningemkaba huyo kabla ya wote.

Siku ya kutoa msaada walikuita kwenye ua ule usaidie kupanga watu. Wa kwanza kuweka kidole alikuwa Mama Véro, yule mzee anayeuza mkaa. Kioo kikawa chekundu, na wewe, kwa kuwa huna tabia ya kuficha, ukamsomea kilichoandikwa: amekufa. Watu wakacheka. Mama Véro mwenyewe akacheka, akajipiga kifua, "Miye niko muzima! Ona, niko napumua!" Akaja wa pili, amekufa. Wa tatu, amekufa. Kicheko kikakatika. Kwetu kumwita mtu aliye hai maiti mbele ya watu si kosa la ofisi. Ni kumroga. Unamwonyesha mauti njia ya kwenda kwake.

Mtu akapiga kelele, "Aliuzisha majina yetu! Anakula peke yake!" Mwingine akaongeza lile neno ambalo likishatoka mdomoni halirudi: "Mulozi!" Ulijaribu kuwaeleza. Dorcas alikuwa pale, amesema ulinyanyua mikono yote miwili ukawaambia, "Bandugu, mungoje, haiko miye, iko mashini." Nani anayengoja akishaambiwa amekufa?

Banza ndiye aliyeng'oa tofali la kwanza. Banza, yaya. Yule aliyekuwa akija jioni, anakaa kwenye kizingiti chetu, na wewe unamkatia tonge la bukari kabla hajaomba. Uliwahi hata kumshonea shati la pasaka. Alikupiga hapa, juu ya sikio. Ukaanguka kwa magoti, ukajaribu kuinuka, wakaja wote. Walibomoa ukuta ule kwa mikono, wakakurushia. Walikukanyaga mkono, ule ule uliokuwa unashika vidole vyao. Walivunja meza, walivunja tableti, na mtu mmoja alivunja kiti cha plastiki kwa kukipiga mgongoni mwako mpaka miguu yake ikakatika. Nilipofika mbio walikuwa wameshatawanyika. Ulikuwa chini na kiatu kimoja, kanga yako imepanda, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeishusha. Hilo siwezi kulimeza. Kuua, tuseme ni wazimu. Lakini ile kanga.

Hospitali ulifumbua macho mara moja. Inspekta wa polisi alikuwa ameinama karibu na mdomo wako. Ulisema jina moja, "Banza," na yeye akaliandika. Halafu ukaniangalia mimi kama mtu anayetaka kuuliza kitu, na hukuuliza.

Tulikuzika. Baada ya matanga inspekta alikuja kwenye avenu na lile jina. Akagonga kila mlango: Banza ni nani? Na watu wale, waliokuja kwenye kilio wakala chakula chetu, wakajibu kwa mdomo mmoja, "Banza alikufaka zamani, kule Mitwaba. Tulimulilia." Na ni kweli! Ndicho kinachonichoma. Banza mzee alikufa kweli. Huyu wetu ni mtoto wa dada yake aliyempyana, na kwenye kadi yake ya kura anaitwa Freddy Mwamba. Alimwonyesha inspekta ile kadi, akairudisha mfukoni. Nikapiga kelele kwamba ni yeye, ni huyu huyu, ana majina mawili. Inspekta akanijibu taratibu, "Mama, weye uko mufiwa, maneno yako iko ya kasirani. Leta muntu wa inje ya nyumba yenu aseme. Mufu hatumushitaki."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Walifunga milango. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema la kufanya ukishakijua.

Nitakuambia nilichotaka kufanya, maana wewe sikufichi. Nilitafuta petroli, nikaitia kwenye chupa, nikaiweka chini ya kitanda. Nilijua dirisha la chumba chake, nilijua linafungwa kwa waya. Nililala juu ya chupa ile nikiwa na furaha, yaya, furaha ya kweli, ya kwanza tangu tukuzike. Mama aliisikia harufu. Aliimwaga chooni, akarudi na mwiko wa bukari, akanipiga mgongoni na mabegani mpaka mwiko ukapasuka. Mama ambaye hakuwahi kutugusa hata tukiwa wadogo. Alikuwa ananipiga na kulia, akisema, "Nilizika mumoja! Sitazika babili!" Nikamwacha anipige. Ilikuwa afadhali kuliko misa zote.

Miezi ikapita. Waliofutwa walibaki wamefutwa. Kukuua hakukumfufua hata mmoja kwenye mashine, na njaa ikaanza kuwatembelea wote, wauaji na wasiohusika. Halafu akaja mwanamke mmoja, mkuu mpya wa timu ya mradi hapa Lubumbashi. Hakuja na gari la kupiga king'ora. Alikaa kwenye mkeka wetu, akamuuliza Mama kupyana ni nini. Mama akamweleza kuanzia mwanzo, na yule mwanamke aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima ya Dorcas. Nilikuwa mlangoni namchukia. Nilijiambia, sasa ndiyo unauliza? Sasa?

Lakini walibadilisha, yaya. Lazima nikuambie, ni kazi yako. Sasa kuna mahali pawili pa jina, jina la karatasi na jina la kupyana. Mashine peke yake hairuhusiwi tena kusema mtu amekufa. Inauliza tu, na mtu mwenye miguu lazima aende aone. Aliyefutwa anaweza kulalamika na akajibiwa. Na wenye majina mawili wanakusanywa mbele ya avenu nzima: mtu anasimama, anataja majina yake yote kwa mdomo wake mwenyewe, halafu majirani watatu wanamshuhudia kwa sauti, na chefu, mkubwa wa avenu, anatia sahihi. Haifanyiki chumbani, wala kwa kunong'ona.

Walitafuta mtu anayeijua avenu ashike tableti. Nikasema mimi. Mama alinifuata mpaka barabarani akinilaani. Watu wakadhani nimekuwa mtakatifu, padri akanitaja kwenye mahubiri. Wajinga. Nilikwenda kwa ajili ya Banza. Nilijua naye yumo kati ya wafu wa mashine, na nilijua njaa itamleta mezani kwangu. Nilitaka anyooshe kile kidole, na mimi nikatae. Mwezi huu nikatae, na mwezi ujao, mpaka mbavu zake zihesabike. Kwa kuwa alikuua kwa sababu aliambiwa amekufa, basi nami nimwache afe hivyo hivyo, polepole, kwa sheria.

Kabla ya kuanza tuliapishwa. Anachosema mtu kwenye mashine hakitoki nje, si kwa polisi, si kwa mwanajeshi, si kwa mumeo. Niliapa nimeuma meno.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa shule, wengine chini, wengine kwenye mabenchi waliyokuja nayo. Chefu wa avenu alikaa karibu yangu, hanitazami. Nikaanza kuita majina. Wengine walikuja, wakashuhudiwa, wakarudi kukaa. Halafu nikaita, "Banza."

Hakuna aliyesogea. Nikaita tena. Nikamwona kule nyuma, amejikunja, na mama yake kipofu anampapasa bega, anamsukuma, "Simama! Tutakula nini?" Akaja. Amekonda. Shati limemzidi, na mimi nikalitambua shati lile, yaya, ni lile la pasaka ulilomshonea. Alivaa shati lako kuja mbele yangu. Damu ilinipanda mpaka nikaona giza. Kulikuwa na kitufe kwenye kioo, *hajathibitishwa*, na kidole changu kilikuwa juu yake. Ningekibonyeza ningemaliza. Angerudi alikotoka, na hakuna kanuni ningekuwa nimevunja, maana nani angemlazimisha mdogo wako kumwamini?

Nikasikia kichwani ile sauti ya inspekta: mufu hatumushitaki.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakaribia kufanya. Avenu nzima ilimficha Banza kaburini mwa mjomba wake, na mimi nilikuwa nimeshika koleo, nataka kuongeza udongo. Akibaki amekufa, yuko salama. Nikiwa na chuki kiasi kile, nilikuwa mlinzi wake mwema kuliko wote.

Nikaondoa kidole. Nikamuuliza kama kanuni inavyosema, neno kwa neno, "Taja majina yako yote mbele ya bantu."

"Freddy Mwamba," akasema chinichini.

"Na ya kupyana?"

Akamtazama chefu. Chefu akatazama miguu yake. Mama yake akapiga kelele kule nyuma, "Sema, mwanangu!"

"Banza."

"Bale ba nyuma habasikie."

Akainua kichwa. "Banza njo miye," akasema, na safari hii hata waliokuwa getini walisikia.

Nikaita mashahidi. Nani angekuwa shahidi wake kama si watatu kati ya wale wale waliomwambia inspekta kwamba Banza alizikwa Mitwaba? Nao pia walikuwa wamefutwa, nao walimhitaji yeye awashuhudie zamu yao ikifika. Mwenye njaa hana miiko. Walisimama mmoja mmoja. Wa kwanza, "Huyu njo Banza, tunamujua tangu utoto." Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alitaka kurudi kukaa, maana alikuwa ameshaelewa wanachokifanya, lakini alikuwa na watoto nyumbani. Akasema, "Iko yeye. Haiko mwingine." Chefu akatia sahihi.

Banza aliniangalia, na nikaona ameelewa. Nikamshika kidole. Kilikuwa kikavu na chenye kovu. Ningeweza kukivunja, yaya, nilikuwa na nguvu za kukivunja, na mwili wangu wote ulikuwa unaniomba. Nikakibonyeza kwenye kioo, taratibu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kioo kikawa kijani. Hai.

Kwenye mashine hakikutoka kitu, na hakitatoka. Kiapo changu kipo. Lakini kilichosemwa mbele ya avenu ni mali ya avenu. Watu walipoanza kuondoka, Mama Véro alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya meza. Akasema, "Kesho tutaenda na weye ku parke. Masikio yangu ilisikia." Tulikwenda huko parke, kwa mwendesha mashtaka, sisi wawili. Kesho yake chefu alikuja mwenyewe, bila kuitwa, hajanyoa, akasema lile alilopaswa kusema siku inspekta alipogonga mlango wake.

Walimchukua Banza mchana kweupe. Nilitoka nikasimama barabarani nione. Nilidhani nitapiga vigelegele. Mama yake alikuwa ameshika nguzo ya mlango, analia kwa sauti ile ile ya Mama yetu, na mimi sikupata furaha niliyokuwa nimeiwekea akiba. Nilisikia njaa tu. Nikarudi ndani, nikala bukari, nikalala. Kesi haijaanza. Anasubiri Kasapa, gerezani, na wengine waliokupiga bado wananunua chumvi duka moja na mimi.

Mama yake anapata msaada kila mwezi. Mimi ndiye ninayemshika kidole. Hanijui kwa macho, ananijua kwa mkono, na akishagundua ni mimi anaacha kuongea. Simsemeshi. Sijui kama huo ni wema au ni kisasi, na leo sina nguvu za kuchagua.

Yaya, wajomba wamekuja kutoka Mitwaba. Wamesema umekaa mno bila kupyanwa, na mtoto wako hana wa kumwita mama. Wamenitaja mimi. Mama ameshatandika mkeka. Kwanza nilitaka kukataa, nikasema siwezi kubeba jina walilolipiga matofali. Halafu nikafikiria mambo yatakavyokuwa, na nikakubali kwa moyo wote, moyo huu huu mbaya nilio nao. Maana tangu siku hiyo, kwa desturi yetu, hakuna wa avenu hii atakayeruhusiwa kuniita vingine. Kila aliyekurushia tofali, kila aliyeiona ile kanga akageuza uso, mwisho wa mwezi atakuja mezani, atanyoosha kidole, na kabla sijakishika itabidi anisalimie kwa heshima: Mama Astride, habari ya asubuhi. Nami nitamwitikia. Nitamwandika vizuri, bila kumpunja, na mwezi ujao atanisalimia tena.

Hiyo ndiyo ahadi yangu. Dorcas nitamlea. Kesi ya Banza nitaifuata mpaka jaji anyanyuke kitini, na wengine nitawafuata mmoja mmoja, kwa midomo yao wenyewe. Petroli sitashika tena. Kusamehe usiniombe, hata ukija ndotoni.

Lala, yaya. Wameniita nje, maji ya kupyana yako tayari.

Mdogo wako, kwa mara ya mwisho kwa jina langu,

Bijou